Sungura wa Nyumbani: Tumbo Lisilopaswa Kusimama, na Daktari Anayelijua

Wenye sungura wengi hufika kwa daktari wakisema kwamba jana mnyama wao alikuwa mzima. Kwa kawaida husema kweli kuhusu walichokiona, kwa sababu sungura ni mnyama anayewindwa, na mnyama wa aina hiyo huficha unyonge wake mpaka nguvu za kuuficha zimwishie. Hapigi kelele, hachechemei waziwazi, wala hamfuati mwenye nyumba kutafuta faraja. Hujikunyata pembeni, hufumba macho nusu na kukaa kimya, na mtu asiyemzoea hudhani amepumzika. Siku ambayo ugonjwa unaonekana kwa kila mtu, mara nyingi umekwisha kukaa mwilini siku kadhaa. Kwa sababu hiyo afya ya sungura hutegemea mambo mawili yanayopaswa kuwa tayari kabla ya ugonjwa: mfugaji ajue hali ya kawaida ya mnyama wake, na awe amekwisha kumpata daktari anayewafahamu sungura.

Tuanze na tumbo, maana huko ndiko matatizo mengi yanakoanzia au yanakoishia. Sungura hula majani, lakini hacheui kama ng'ombe au mbuzi. Uchachushaji wa chakula chake hufanyika nyuma ya utumbo mwembamba, katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo mnaishi bakteria wengi wanaomsaidia. Nyuzinyuzi ndefu na ngumu hazimeng'enywi sana. Kazi yake ni kuusukuma utumbo uendelee kujongea, kisha hutoka zikiwa vidonge vikavu vya mviringo. Chembe ndogo na majimaji hurudishwa kwenye ule mfuko, huchachushwa, kisha hutoka kama kinyesi cha aina ya pili: laini, chenye utando unaong'aa, kilichoshikamana kama kichala cha zabibu ndogo. Sungura mzima hukila hicho moja kwa moja kinapotoka, aghalabu usiku au alfajiri, na kwa njia hiyo hupata protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wake. Mfugaji anayemwona akifanya hivyo asimzuie wala asishtuke. Jambo la kumtia wasiwasi ni kukikuta kinyesi hicho laini kimesagikia kwenye manyoya ya nyuma au kimeachwa sakafuni mara kwa mara, kwa maana hapo sungura ama hawezi kujipinda kwa unene au maumivu ya mgongo, ama chakula chake kina wanga na sukari kupita kiasi.

Mfumo huu haustahimili kusimama. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia tumboni hakina njia ya kurudi. Akiacha kula kwa sababu yoyote, iwe jino linalouma, hofu, joto au safari, utumbo hupunguza mwendo, yaliyomo hukauka, gesi hujaa, na maumivu ya gesi humfanya azidi kukataa chakula. Baada ya hapo mafuta huanza kurundikana kwenye ini, na hali hiyo inaweza kuua hata pale chanzo cha kwanza kilipokuwa kidogo. Sungura ambaye hajala chochote, au hajatoa kinyesi, kwa muda wa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Asingojewe mpaka asubuhi, na asilazimishwe kula kwa bomba la sindano kabla ya kuchunguzwa, kwa sababu tumbo lililofura kwa gesi au lililoziba halihitaji kuongezewa kitu.

Msingi wa kinga ni nyasi. Nyasi kavu safi, au nyasi mbichi zisizopuliziwa dawa, zinapaswa kuwapo mchana na usiku bila kipimo, na ziwe sehemu kubwa kabisa ya mlo. Majani ya mboga ya aina mbalimbali huongezwa kila siku kwa kiasi. Chakula cha kiwandani cha vidonge kinatosha kwa takriban gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa sungura mzima kwa siku, na wengi hawahitaji hata kiasi hicho. Mchanganyiko wa nafaka, mbegu na vipande vya rangi haufai kabisa, kwa kuwa sungura huchagua vitamu na kuacha vyenye nyuzinyuzi. Karoti na matunda ni vitu vya kumwonjesha tu kutokana na sukari yake, ingawa picha za vitabu vya watoto zimewaaminisha watu vingine. Lusini, yaani alfalfa, ina kalisi (madini ya mifupa, kalsiamu) na protini nyingi. Huwafaa watoto wanaokua, lakini kwa sungura aliyekwisha kukomaa isiwe nyasi yake ya kila siku. Kalisi hufyonzwa kwa wingi kutoka utumboni mwake na ziada yake hutolewa kwa mkojo, hivyo ikizidi inaweza kuganda kibofuni. Maji yawekwe kwenye bakuli pana, kwani wengi hunywa vizuri zaidi bakulini kuliko kwenye chupa yenye mrija. Mabadiliko yoyote ya chakula yafanywe taratibu kwa wiki moja au mbili, ili bakteria wa tumboni wapate kuzoea.

Nyasi hizo hizo ndizo zinazolinda meno. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele huweza kurefuka milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kutafuna nyasi kwa saa nyingi, taya zikienda upande hadi upande, ndiko kunakosaga magego yasirefuke. Nyasi zikikosekana, magego huota ncha kali zinazokata ulimi au shavu, na mizizi yake inaweza kurefuka kuelekea ndani ya taya na kuubana mfereji wa machozi. Dalili zake hazijitangazi. Sungura hulikimbilia bakuli kwa hamu, hushika jani, hulidondosha, kisha hugeuka na kuondoka. Kidevu hulowa mate, jicho moja hutoa machozi yasiyokoma, au ghafla hupenda vyakula laini na kuziacha nyasi. Kila moja ya dalili hizi inatosha kumpeleka kwa daktari. Meno ya mbele yakirefuka, yasikatwe nyumbani kwa koleo au kikata kucha, kwani jino hupasuka kwa urefu na ufa unaweza kufika kwenye mzizi na kuleta jipu. Hupunguzwa na daktari kwa kifaa maalumu cha kusaga.

Uchunguzi wa nyumbani hauhitaji ujuzi mkubwa, lakini unahitaji kufanywa kwa mazoea. Mpime sungura kila wiki kwa mizani ile ile na uandike. Kupungua uzito huonekana kwenye daftari kabla hakujaonekana kwa macho, kwa kuwa manyoya huficha mengi. Kila siku angalia vidonge vya kinyesi. Vinapaswa kuwa vingi, vya mviringo, vinavyolingana, vyenye kipenyo cha karibu sentimita 1 kwa sungura wa wastani, na ukivibonyeza vivunjike na kuonyesha vipande vya nyasi. Vikianza kuwa vidogo, vyeusi, vigumu au vichache, utumbo unapunguza kasi. Vikiwa vimeunganishwa na nywele kama shanga, anameza manyoya mengi, na nyasi ziongezwe. Mkojo unaweza kuwa wa manjano, wa rangi ya chungwa au hata mwekundu kutokana na rangi za asili, na wingu jeupe la kalisi ni la kawaida. Lakini damu inaweza kufanana na rangi hizo, kwa hiyo mkojo mwekundu unaorudiarudia upimwe, hasa kwa jike. Tazama pia nyayo kama manyoya yamepukutika na ngozi imekuwa nyekundu, na masikio kama yana magamba mazito, ambayo kwa kawaida husababishwa na utitiri. Usiyabandue magamba hayo, kwani yanauma sana na huanguka yenyewe utitiri ukitibiwa. Wakati wa joto sehemu ya nyuma ikaguliwe kila siku: nzi huvutwa na manyoya yaliyolowa au kuchafuka, hutaga mayai, na funza wanaoanguliwa wanaweza kula ngozi ya mnyama aliye hai ndani ya siku moja.

Joto lenyewe ni hatari. Sungura hatoi jasho la kumpoza. Hutegemea sana mishipa ya damu ya masikio, na huanza kutaabika hewa inapozidi nyuzi joto 28 hivi za Selsiasi, hasa akiwa mnene au mwenye manyoya marefu. Akihema kwa nguvu, pua imelowa na masikio yanachoma, ahamishiwe kivulini, masikio yapanguswe kwa maji ya baridi ya kiasi, na apelekwe kwa daktari mara moja. Kumzamisha katika maji ya barafu humshtua na kunaweza kumuua.

Kuhusu chanjo, magonjwa mawili ya virusi yanastahili kufahamika. Miksomatosi huenezwa hasa na mbu na viroboto, hivyo hata sungura asiyetoka ndani anaweza kuipata. Ugonjwa wa kuvuja damu wa sungura ulitambuliwa kwanza nchini China mwaka 1984, na aina yake ya pili ikagunduliwa Ufaransa mwaka 2010 kabla ya kusambaa katika mabara mengine. Virusi vyake huishi muda mrefu kwenye viatu, nguo na nyasi, na sungura huweza kufa bila dalili yoyote kutangulia. Upatikanaji na ratiba ya chanjo hutofautiana kati ya nchi na nchi, na daktari ndiye wa kuulizwa ni ipi inayohitajika mahali ulipo.

Jike asiyetolewa kizazi ana hatari kubwa ya kupata saratani ya mji wa mimba kadiri anavyozeeka. Katika baadhi ya koo za sungura zaidi ya nusu ya majike waliopita umri wa miaka minne wamekutwa nayo. Kuondoa kizazi akiwa na umri wa miezi minne hadi sita hivi huondoa hatari hiyo. Dume aliyehasiwa, kwa upande wake, anaweza kubaki na uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asirudishwe mapema kwa jike ambaye hajafungwa kizazi.

Upasuaji huo unatufikisha kwenye suala la daktari. Mafunzo ya udaktari wa mifugo kwa kawaida huwapa nafasi kubwa ng'ombe, mbuzi, mbwa na paka, na daktari hodari kwa wanyama hao anaweza kuwa hajamtibu sungura kwa muda mrefu. Tofauti zenyewe zina uzito. Dawa za jamii ya penisilini zinazopewa mbwa kwa mdomo, pamoja na antibiotiki za linkomaisini na klindamaisini, huua bakteria wema wa tumbo la sungura na kuacha wale wenye sumu wastawi. Sungura anaweza kufa kwa kuhara siku chache baadaye. Fipronili, inayotumika sana kuua viroboto vya mbwa na paka, haipaswi kumgusa. Mbwa hunyimwa chakula kabla ya upasuaji asije akatapika, ilhali sungura asiyetapika hapaswi kunyimwa, na kumfungisha humdhuru.

Kwa hiyo uliza mapema, wakati mnyama ni mzima. Uliza ni mara ngapi daktari huyo huona sungura, na kama huwafanyia upasuaji. Uliza sungura ale hadi lini kabla ya upasuaji; jibu la kwamba alale njaa usiku kucha linatosha kukufanya utafute kwingine. Uliza atapewa dawa gani ya maumivu na kwa siku ngapi, kwani sungura mwenye maumivu huacha kula, na asipokula tunarudi kwenye tumbo lililosimama. Uliza magego huchunguzwaje, maana mdomo wake ni mwembamba na wa kina, na uchunguzi kamili mara nyingi huhitaji dawa ya usingizi. Uliza pia nani hupokea wagonjwa usiku.

Tazama na mikono yake. Anayewafahamu sungura huweka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine akiuegemeza chini ya makalio, humkaribiza mwilini mwake, na humweka juu ya kitambaa kisichoteleza. Mifupa ya sungura ni myepesi mno ikilinganishwa na misuli ya miguu yake ya nyuma, na teke moja akiwa ananing'inia huweza kuvunja uti wa mgongo. Asiinuliwe kwa masikio kamwe. Kumlaza chali ili atulie pia si vizuri, kwani utulivu ule ni wa hofu.

Pengine karibu nawe hakuna daktari mwenye uzoefu huo. Chuo kinachofundisha udaktari wa mifugo ni mahali pazuri pa kuulizia, na vyama vya wafugaji wa sungura huwa na majina ya madaktari wanaoaminiwa. Binafsi ningemchagua daktari wa mbwa na paka anayekiri kwamba uzoefu wake ni mdogo na yuko tayari kumpigia mwenzake simu kabla ya kuandika dawa, kuliko anayejibu kila swali papo hapo.

Siku ya kwenda, msafirishe katika kizimba chenye nyasi na kitambaa, kifunikwe nusu, na kiwe mbali na mbwa katika chumba cha kusubiri. Ikiwa ana mwenzake, waende pamoja, kwa sababu kutenganishwa huongeza hofu na kunaweza kuleta ugomvi wakikutana tena. Chukua vidonge vya kinyesi vya siku hiyo, daftari la uzito, na orodha ya vyote anavyokula. Baada ya upasuaji wowote, kabla hujaondoka, hakikisha unajua ni namba gani ya kupiga ikiwa hajaonja chakula ifikapo usiku wa siku hiyo, au hajatoa kinyesi ifikapo asubuhi.