Hiyo nayo ni shule?

Kwenye mafunzo tunayowapa wazazi na wajumbe wa kamati za shule huwa tunaonyesha picha za madarasa ya nchi mbalimbali, na kuna moja ambayo haikosi kuzua mjadala. Ni mashua ndefu yenye paa, imefungwa ukingoni mwa mto, na ndani watoto wamebanana kwenye viti wakitazama ubao. Lazima atokee wa kuuliza: "Hiyo nayo ni shule?" Simlaumu. Wengi wetu tukisikia neno shule tunaona jengo, kengele, sare na madawati yaliyopangwa mistari.

Mashua ile ni ya kaskazini-magharibi mwa Bangladesh, ambako mvua za monsuni zikikolea barabara huzama na watoto hukosa njia ya kufika darasani. Mohammed Rezwan, mwenyeji wa huko, alisomea usanifu wa majengo, lakini aliona kwamba darasa lolote atakalosimamisha pale litamezwa na maji. Mwaka 2002 shirika aliloanzisha, Shidhulai Swanirvar Sangstha, likaanza kutumia mashua. Mashua inapita kando ya mto ikiokota watoto kituo hadi kituo, halafu inatia nanga na masomo yanaanza. Kipindi kikiisha inawarudisha makwao. Umeme unatoka kwenye paneli za jua. Yaani basi la shule na shule yenyewe ni chombo kimoja.

Sasa turudi kwenye madawati yetu ya mistari, maana nayo yana historia yake. Mwaka 1763 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, aliamuru watoto wa miaka 5 hadi 13 wasome. Kuamuru ni rahisi. Walimu watoke wapi? Huko London, mwaka 1798, kijana wa miaka 20 hivi aitwaye Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto wa maskini katika eneo la Southwark. Watoto walimiminika, na pesa ya kuajiri walimu hana. Akawafundisha wakubwa wachache, akawafanya viranja, nao wakawasomesha wadogo. Wadogo kabisa waliandika herufi kwa kidole juu ya meza yenye mchanga. Kiranja akishakagua, anausawazisha na wanaanza upya. Mamia ya watoto ndani ya ukumbi mmoja chini ya mwalimu mmoja! Pasipo mistari na ishara za kuwaamuru wote kwa pamoja, pale pasingesomeka chochote. Mtindo wa viranja wenyewe ulikuja kuachwa, kwa sababu kiranja hawezi kufundisha zaidi ya alichokariri jana, lakini sehemu kubwa ya nidhamu ile ya ukumbini tunayo hadi leo. Ilikuwa dawa ya uhaba wa walimu, nasi tukaja kuiona kama ndiyo maana ya shule.

Ajabu ni kwamba lugha yetu haikuanzia kwenye jengo. Shule tumelichukua kwa Wajerumani, skuli kwa Waingereza, na yote mawili asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya wasaa, muda usio wa kazi. Neno tulilokuwa nalo kabla ya hayo ni chuo, na chuo kwa maana yake ya kale ni kitabu.

Kuna mahali tatizo halikuwa maji wala wingi wa watoto, bali umbali. Katikati ya Australia familia za wafugaji huishi mamia ya kilomita kutoka mji wowote, na masomo yalikuwa yakiwafikia watoto kwa posta. Mwaka 1951, Alice Springs ikaanzisha masomo kwa redio, ikitumia mtandao wa redio wa madaktari wanaosafiri kwa ndege. Mwanzoni mwalimu alizungumza tu na watoto wakasikiliza. Baadaye kikaongezwa kipindi cha maswali, na mtoto aliyekulia peke yake porini akaanza kuzisikia sauti za wanafunzi wenzake. Siku hizi wanaonana kwa intaneti ya setilaiti. Hata hivyo kuna kazi ambayo mitambo haikuiondoa: nyumbani lazima awepo mtu mzima, mara nyingi mama, wa kukaa na mtoto na kuyasimamia masomo. Wanaodhani masomo ya mbali hupunguza haja ya watu wazima wapaangalie pale.

Sheria nazo hazifanani. Ujerumani mtoto ni lazima ahudhurie shule, na kumfundishia nyumbani hakuruhusiwi ila kwa nadra sana. Finland sheria inadai asome. Haimlazimishi aende shuleni. Marekani wazazi wanaweza kufundisha watoto wao nyumbani katika majimbo yote 50, ingawa masharti ni tofauti jimbo hadi jimbo. Na huko Suffolk, Uingereza, ipo Summerhill, shule iliyoanzishwa na A. S. Neill mwaka 1921, ambako kuingia darasani ni hiari ya mtoto na kanuni hupigiwa kura na watoto pamoja na walimu. Binafsi nisingeshauri nchi nzima ifuate mtindo huo.

Ninaoupenda zaidi ni wa Kolombia. Katika miaka ya 1970 Vicky Colbert na wenzake walianza na shule za vijijini zenye mwalimu mmoja na watoto wa madarasa yote. Badala ya kumtaka mwalimu asimame mbele ya wote, waliandaa miongozo ambayo watoto husoma na kujadili katika vikundi vidogo mezani, mwalimu akizunguka. Mtindo huo waliuita Escuela Nueva, shule mpya, na baadaye serikali ikaueneza nchini.

Kwa hiyo mzazi anapotembelea shule, pamoja na kukagua vyoo na kuhesabu madawati, aulize hivi: mtoto akikosa wiki tatu, akirudi anaanzia wapi? Katika shule zile za Kolombia, mtoto aliyeondoka kwenda kuvuna kahawa na wazazi wake hakariri darasa. Anafungua mwongozo wake pale alipoachia.