Uchaguzi wa Ukoka kwa Makazi ya Dodoma na Kanda ya Kati

Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake Dodoma mwaka 2016, na hasa baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Aprili 2018, nyumba mpya zimeongezeka kwa kasi Iyumbu, Nala, Ihumwa na Mtumba, na wengi wanaohamia humo hutamani kuwa na uwanja wa kijani. Tamanio hilo ni jema. Ardhi iliyoachwa wazi hupeperushwa na upepo mkali wa kiangazi, vumbi huingia hadi vyumbani, na mvua ya kwanza inapoupiga udongo usiofunikwa huondoka na tabaka lake la juu, ambalo ndilo lenye rutuba. Ukoka ulioshika vizuri hupunguza madhara hayo yote. Kasoro tunayoiona mara kwa mara ni kwamba watu huchagua ukoka mwezi Januari, wakati kila jani linapendeza, ilhali mtihani wenyewe ni miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba.

Dodoma hupata wastani wa mvua wa takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mji uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai huwa na ubaridi, kisha kuelekea Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30. Nyasi itakayodumu hapa ni ile inayoweza kukaa zaidi ya nusu mwaka bila mvua, juani na upeponi, kisha ikachipua tena.

Kigezo hicho kinaondoa mara moja kundi zima la nyasi za nchi za baridi, ambazo hustawi vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 24. Mbegu zake huuzwa katika pakiti zenye picha za viwanja vya kupendeza vya Ulaya. Kabla ya kununua, geuza pakiti usome jina la kisayansi. Ukikuta Lolium, Festuca au Poa, irudishe. Mbegu hizo zinaweza kuota vizuri wakati wa mvua na kukupa matumaini kwa miezi miwili au mitatu, lakini jua la Oktoba haliziachi.

Nyasi za nchi za joto hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 35, na kati yake, ile tunayoipendekeza kwanza kwa sehemu kubwa ya Kanda ya Kati ni ukoka wa kawaida, Cynodon dactylon, ambao wengi nje ya nchi huujua kwa jina la nyasi za Bermuda ingawa ni mmea uliozoea bara letu tangu zamani. Huu ndio ukoka unaouona kando ya barabara na kwenye viwanja vya mpira, umekanyagwa na kulishwa mifugo, na bado uko hai. Una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine yanayopita chini yake, na hayo ya chini ndiyo akiba yake. Maji yakikosekana, ukoka huu huacha kukua na majani yake hukauka, lakini vichipukizi vilivyo usawa wa udongo na mashina ya chini hubaki hai vikisubiri mvua. Mwenye nyumba asiyelijua hilo hudhani ukoka umekufa, akaung'oa na kununua mwingine. Tunamsihi aache. Katika kiangazi kirefu, umwagiliaji wa kina mara moja kila baada ya wiki tatu au nne kwa kawaida hutosha kuulinda uhai wa ukoka uliokwisha kukomaa, hata kama haurudishi rangi ya kijani.

Ipo pia aina chotara ya jamii hii, yenye majani membamba na laini zaidi, inayotumika kwenye viwanja vya michezo na vya gofu. Ile iitwayo Tifway, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, ni mfano unaojulikana sana. Haitoi mbegu zinazoota, hivyo hupandwa kwa vipande vya shina tu, na huhitaji mbolea na kukatwa mara nyingi. Kwa uwanja wa kawaida wa nyumbani, hatuoni sababu ya kuingia gharama hiyo.

Suala la maji linahitaji hesabu, kwa sababu hapo ndipo bustani nyingi za Dodoma huanguka. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukitaka ukoka ubaki wa kijani wakati wa kiangazi, kipimo kinachotumika sana ni takribani milimita 25 kwa wiki. Uwanja wa mita 10 kwa 10 utahitaji lita 2,500 kila wiki, yaani zaidi ya simtanki la lita 2,000, na kwa wiki 28 za kiangazi utakuwa umetumia lita 70,000, ambazo kwenye ankara ya maji ni uniti 70. Katika jiji ambalo kwa miaka mingi limetegemea zaidi visima vya bonde la Makutupora, na ambamo idadi ya watu inaongezeka, kiasi hicho si kidogo kwa mfuko wa familia wala kwa majirani. Ushauri wetu ni kutenga eneo dogo, kwa mfano mita 5 kwa 6 mbele ya baraza, ambalo litahitaji lita 750 kwa wiki, na kuuacha ukoka wa sehemu nyingine ulale hadi masika.

Wanaotegemea kisima chao wenyewe wanapaswa kupima chumvi ya maji kabla ya kupanda chochote, kwani baadhi ya maeneo ya Dodoma yana maji ya chini ya ardhi yenye chumvi. Dalili yake bustanini ni ncha za majani kuungua ingawa udongo una unyevu, na utando mweupe kubaki juu ya udongo maji yanapokauka. Ukoka wa kawaida huvumilia chumvi kwa kiasi cha kuridhisha. Pale ilipozidi, inayofaa zaidi ni Paspalum vaginatum, ambayo kwa asili huota pwani, karibu na maji ya bahari. Hata hivyo, kuvumilia chumvi si kuvumilia ukame, na Paspalum hiyo itahitaji kumwagiliwa mara kwa mara zaidi.

Kivuli ni jambo jingine linalopuuzwa. Nyumba nyingi za Dodoma zina mwarobaini, na ukoka wa kawaida hauwezi kustawi chini yake kwa kuwa unahitaji angalau saa sita za jua kamili kwa siku. Zoisia, nyasi nyingine ya nchi za joto, huvumilia kivuli cha wastani, ingawa hukua polepole na huenda ikachukua misimu miwili kujaza eneo. Stenotaphrum secundatum, yenye majani mapana, huvumilia kivuli vizuri zaidi lakini hunywa maji mengi. Chini ya mti wenye kivuli kizito, kokoto au majani makavu ya kufunika udongo ni uamuzi wa busara kuliko nyasi yoyote. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu zenye mvua nyingi, hatuzipendekezi kwa mkoa huu.

Ukishachagua, kagua unachonunua. Ukoka wa kwenye viroba mara nyingi huja na ndago, magugu ambayo yakishaingia uwanjani huchukua miaka kuyaondoa. Chukua konzi ya udongo wa mizizini na uipekue kwa vidole: ukikuta vijiazi vidogo vyeusi, vigumu, vilivyoungana kwa nyuzi nyembamba, usinunue. Kwenye majani, tafuta shina lenye pembe tatu. Lisokote kati ya kidole gumba na cha shahada, nawe utahisi kingo zake, ilhali shina la ukoka ni la mviringo.

Lima eneo lako Novemba kwa kina cha sentimita 15, changanya samadi iliyooza kabisa, kwani samadi mbichi huleta mbegu za magugu, kisha panda mvua zikishashika. Vipande vya shina viwe na vifundo viwili au vitatu, vifukiwe huku ncha moja ikibaki nje, na nafasi kati ya kipande na kipande iwe sentimita 15 hadi 20. Acha njia ya matofali au ukingo uliozikwa ardhini kati ya ukoka na bustani ya mboga, maana mashina ya chini hayajui mpaka. Mwagilia kila siku ambayo mvua haikunyesha katika wiki mbili za kwanza, kisha punguza idadi ya siku huku ukiongeza kiasi cha maji, ili mizizi ishuke chini. Baada ya hapo, ukoka wenyewe utakuonyesha unapokuwa na kiu: majani hujikunja, rangi huelekea kijivu, na nyayo zako hubaki zimeandikwa juu yake badala ya majani kuinuka. Mkato wa kwanza ufanyike majani yanapofikia sentimita 6, kwa mashine au fyekeo lenye makali, bila kuondoa zaidi ya theluthi ya urefu wake; na kuanzia Juni kata kwa nadra zaidi na uache majani marefu kidogo, yaukinge udongo dhidi ya jua.