Guiuan: mji wa mbata na miaka saba ya kungoja

Guiuan ni mji wa mkoa wa Eastern Samar, nchini Ufilipino, kwenye ncha ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Samar. Upande mmoja una Ghuba ya Leyte, upande wa pili Bahari ya Pasifiki, na kuelekea mashariki hakuna nchi kavu ya karibu ya kuvunja nguvu ya upepo. Wakazi wake wanazidi kidogo 50,000, wamesambaa katika vitongoji 60, vingine barani na vingine visiwani. Lugha yao ni Kiwaray, na riziki yao kubwa ni mnazi na samaki.

Kazi yangu ni mazao ya pwani, minazi hasa, na huu ndio mji ninaoutaja kila ninapoulizwa kwa nini mkulima wa mnazi hafanani na mkulima wa mahindi. Mahindi yakiangushwa na upepo, msimu ujao unapanda tena. Mnazi ukianguka, aliyepoteza ni baba na mtoto wake pia.

Machi 1521 meli za Magellan, baharia Mreno aliyeongoza msafara wa Hispania, zilitia nanga Homonhon, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Guiuan. Watu wa kisiwa jirani cha Suluan waliwaletea wageni samaki, ndizi, nazi na tembo la mnazi, yaani kileo cha utomvu wake. Antonio Pigafetta, Muitaliano aliyeandika kumbukumbu za safari ile, alieleza kwa kina jinsi wenyeji walivyopata chakula, kinywaji, mafuta na kamba katika mti mmoja, akasema minazi miwili yatosha kuitunza familia ya watu kumi. Huo ulikuwa mnazi wa nyumbani. Mnazi wa biashara ulikuja baadaye. Mwaka 1642 utawala wa Kihispania uliamuru wenyeji wapande minazi, kwa sababu meli zake zilihitaji kamba na makumbi ya kukalafatia, yaani kuziba nyufa za mbao zake. Kisha, kuelekea mwisho wa karne ya 19, viwanda vya sabuni na siagi ya mimea vya Ulaya na Marekani vikataka mafuta mengi, na pwani nzima ikageuka kuwa nchi ya mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa ili ikamuliwe mafuta.

Kazi yenyewe msomaji wa Pemba, Mafia au Kilifi ataitambua bila kuelezwa sana. Shina huchongwa vidato vya kupandia. Nazi hufuliwa, hupasuliwa, na mbata hukaushwa juani au juu ya moto wa makumbi na vifuu. Nazi nne au tano hutoa kilo moja. Mbata iliyofukizwa moshi mwingi huwa nyeusi, na mnunuzi hukata bei. Ikibaki na unyevu huota ukungu, na hukata tena. Mnunuzi huyo mara nyingi ndiye aliyemkopesha mkulima mchele kabla ya mavuno, kwa hiyo mkulima hana nafasi kubwa ya kubishana. Mgema naye hupanda asubuhi na jioni kukata karara, ala inayofunika maua ya mnazi, na tembo lake hutiwa gome la mikoko lililosagwa, likawa jekundu. Kwa familia nyingi pesa ya kila siku hutoka kwenye tembo, na ile ya ada za shule hutoka kwenye mbata.

Tarehe 8 Novemba 2013, saa kumi na dakika arobaini alfajiri, kimbunga kilichojulikana duniani kama Haiyan na Ufilipino kama Yolanda kiligusa nchi kavu kwa mara ya kwanza, na mahali penyewe palikuwa Guiuan. Upepo ulikadiriwa kufikia kilomita 315 kwa saa. Rada ya hali ya hewa iliyojengwa mjini kwa msaada wa Japani ili kuviona vimbunga mapema ikaharibiwa. Kanisa la kale la Guiuan, ambalo kuta zake za ndani zimepambwa kwa makombe ya baharini, likaezuliwa paa. Nchi nzima ilihesabu watu 6,300 waliokufa, wengi wao katika mji wa Tacloban, kisiwa jirani cha Leyte, na maeneo jirani ambako bahari iliingia mjini. Guiuan wengi waliokolewa kwa kuhamishwa mapema, na uwanja wa ndege uliojengwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ukapokea ndege za misaada.

Habari nyingi ziliishia hapo. Ya mnazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Katika maeneo yote yaliyopigwa, minazi iliyoangushwa au kuharibiwa ilikadiriwa kuwa milioni 33, na wakulima zaidi ya milioni moja waliguswa. Tuanze na ile iliyobaki imesimama, maana ndiyo iliyowapa watu matumaini yasiyo sahihi. Mnazi una kilele kimoja tu. Kikifa, mti umekufa, hata kama shina limesimama wima. Kikiwa hai, hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na kwapani mwa kila kuti hukua karara. Karara likipasuka panatoka upunga, kisha kidaka, kisha dafu, kisha koroma, na nazi kamili hupatikana kiasi cha miezi 12 baadaye. Ndiyo maana mnazi wenye afya hubeba makole, yaani vichala vya nazi, ya umri mbalimbali kwa wakati mmoja na mkulima hupanda mara kadhaa kwa mwaka. Upepo ule uling'oa mlolongo wote: nazi, dafu, vidaka, makarara na makuti. Mti uliosalia hutumia nguvu zake kwanza kutengeneza makuti, na makarara machanga yaliyoumia huanguka kabla ya kufunguka. Miaka miwili au zaidi hupita kabla ya mavuno ya maana. Ulioanguka kabisa ukipandwa upya, ule mrefu wa kienyeji, huanza kuzaa katika mwaka wa sita hadi wa nane. Mfupi huzaa mwaka wa tatu au wa nne, lakini mbata yake ni haba.

Mradi wa misaada kwa kawaida huisha baada ya mwaka mmoja au miwili. Nimeudhika mara nyingi kuona ripoti zinazohesabu miche iliyogawiwa na kuita hayo mafanikio. Mche haulishi mtu.

Magogo nayo yalikuwa na hatari yake. Gogo la mnazi linalooza ndimo anamotaga mbawakawa mwenye pembe, na watoto wake wakikomaa huruka kwenda kutoboa vilele vya minazi iliyopona. Ilibidi magogo yapasuliwe mbao haraka, na mbao hizo zilijenga nyumba nyingi. Katikati ya mashina yaliyobaki watu walipanda viazi vitamu, mihogo, magimbi na mboga. Naona hilo ndilo lililokuwa jambo la busara kuliko yote, kwa sababu chakula kilicho chini ya ardhi hustahimili upepo, na kwa sababu Desemba 2014 kimbunga kingine, Hagupit, kiliingia mkoa huohuo kupitia mji wa Dolores.

Kuna swali gumu zaidi: nani anapanda? Wakulima wengi wa mbata nchini humo wanalima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Kumwambia mtu wa namna hiyo apande mti utakaozaa baada ya miaka saba ni kumwomba awekeze kwenye ardhi anayoweza kuambiwa aihame. Wakulima hawa pia wana jeraha la zamani. Katika utawala wa Rais Ferdinand Marcos mzee, aliyeondolewa mwaka 1986, walikatwa kodi kwa kila mbata waliyouza, na fedha hizo zikanunua benki na hisa za kampuni kubwa zilizowanufaisha wachache. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2012 kwamba sehemu kubwa ya hisa hizo ni mali ya umma kwa ajili ya wakulima wa minazi, na sheria ya kuunda mfuko wao ilisainiwa Februari 2021, ikitenga peso bilioni 75. Inawatambua wapangaji na vibarua wa shambani, si wenye ardhi peke yao. Naiunga mkono kwa moyo wote, ingawa wengi waliokatwa kodi ile walikuwa wameshazikwa.

Wakati wa kungoja, visiwa vya Guiuan viliegemea bahari, na zao mojawapo lilikuwa mwani. Hapa Wazanzibari wana undugu wa kweli na Wafilipino: kilimo cha mwani cha Paje na Jambiani kilianza mwaka 1989 kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, ambako mbinu ya kuufunga mwani kwenye kamba ilikuzwa miaka ya 1960 na 1970. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Kamba zikikatika kwa dhoruba, mkulima akiwa na mbegu hurudi majini mwezi uleule. Bei yake ni ndogo, na maji yakipata joto huchakaa na kuwa mweupe, Guiuan kama Unguja. Hata hivyo, ningekuwa na neno katika bajeti ya mji wa minazi, ningeweka kamba za mwani na mbegu za viazi mwaka wa kwanza, miche ya mnazi mwaka huohuo, na mtu wa kuikagua miche hiyo kila mwaka mpaka wa nane.