Subira ya Shabiki na Timu ya Chuo Inayojengwa Upya: Dhana Potofu na Ukweli

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani kuna jambo moja ambalo hakuna kocha anayeweza kulikwepa: mchezaji ni mwanafunzi, na mwanafunzi huja akaondoka. Kwa kawaida anaruhusiwa kucheza misimu minne. Mwenye kipaji kikubwa huenda akacheza mmoja tu kisha akaelekea NBA, ligi kuu ya kulipwa. Kwa hiyo kila timu, hata ile iliyotoka kutwaa ubingwa, iko mbioni kubomoka na kujengwa tena. Mashabiki hulikubali hilo kwa urahisi mwezi wa Oktoba, kabla ya msimu kuanza, lakini ikifika Januari na vipigo vikaanza kufuatana, hoja hubadilika na lawama hupata watu wa kubebeshwa. Mfano mkuu nitakaoutumia hapa ni Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kwa jina la UConn, kwa sababu ndani ya miaka 20 kimepitia karibu kila hali ambayo timu inaweza kuipitia, na kwa sababu Watanzania wana haki ya kudai kipande cha historia yake.

Dhana: Vipaji vikishapatikana, ushindi ni suala la wiki chache

Msimu wa 2005–06 UConn ilishinda mechi 30 na kupoteza 4, ikatolewa na George Mason katika muda wa nyongeza ikiwa imebakiza mechi moja tu kufika nusu fainali ya taifa. Baada ya hapo wachezaji wake watano walichaguliwa na timu za NBA katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, wanne wakiwa katika raundi ya kwanza. Kocha Jim Calhoun akaanza upya na kikosi cha vijana wabichi, miongoni mwao akiwemo kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, Hasheem Thabeet, ambaye mchezo wenyewe alikuwa ameuanza akiwa na umri wa miaka kama 15.

Kwa shabiki aliyeshuhudia ubingwa wa 1999 na wa 2004, msimu uliofuata haukuwa na cha kujivunia: ushindi 17, vipigo 14, na nafasi katika mashindano ya taifa ikakosekana. Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 6.2 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 6.4 kwa mechi, takwimu ambazo kwa mtu wa urefu ule zilionekana haba. Hata hivyo, aliyeitazama timu upande wa ulinzi aliona jambo jingine, kwa kuwa kijana huyohuyo alikuwa akizuia mitupo 3.8 kwa mechi, na kila aliyeingia kutafuta kikapu karibu na ubao alilazimika kufikiri mara mbili. Mchezaji mrefu huchelewa kuliko wenzake kwa sababu zinazoeleweka. Mwaka wa kwanza hudanganywa na mtupo wa uongo, akaruka, akamwangukia mpinzani na kuandikiwa faulo; faulo mbili zikiingia mapema kocha humwita benchi, na ya tano humtoa mchezoni kabisa. Kujifunza kubaki na miguu chini huku mikono ikiwa juu si kazi ya wiki mbili za mazoezi.

Msimu wa pili Thabeet alifikia pointi 10.5 kwa mechi, na wa tatu 13.6 pamoja na ribaundi 10.8. Timu nayo ilishinda mechi 24, kisha 31, na mwaka 2009 ikafika nusu fainali ya taifa jijini Detroit, ambako ilifungwa na Michigan State 82 kwa 73. Miezi michache baadaye Memphis Grizzlies walimchukua akiwa chaguo la pili kwa jumla, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Katikati ya safari hiyo, Machi 2008, UConn ilikuwa imetolewa katika raundi ya kwanza na San Diego kwa pointi moja, 70 kwa 69, katika mechi ambayo mchezeshaji wake mkuu, A.J. Price, alikatika mshipa wa goti. Aliyeuhukumu ujenzi kwa usiku ule mmoja angesema umeanguka, ilhali kiini cha kikosi kile kile ndicho kilichocheza Detroit mwaka mmoja baadaye.

Dhana: Kocha aliyeshindwa kwa miaka mitatu hatashinda tena

Anayeipinga dhana hii hukimbilia mfano wa Chuo Kikuu cha Duke, na si bure. Mike Krzyzewski alipewa timu mwaka 1980, na misimu yake mitatu ya kwanza ilimpa ushindi 38 na vipigo 47. Wa tatu ulimalizika kwa kipigo cha 109 kwa 66 kutoka kwa Virginia, na waliotaka afukuzwe hawakuwa wachache. Kinachosahaulika katika masimulizi hayo ni nani aliyekuwa uwanjani. Johnny Dawkins, Mark Alarie, Jay Bilas na David Henderson walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakicheza dhidi ya wanaume waliokomaa. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Tom Butters, hakumfukuza kocha. Msimu uliofuata alimwongezea mkataba. Vijana wale walipofika mwaka wa nne, mwaka 1986, Duke ilishinda mechi 37 na kupoteza 3, ya mwisho ikiwa fainali dhidi ya Louisville. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1991, na hadi Krzyzewski anastaafu mwaka 2022 alikuwa na mataji matano.

UConn yenyewe ilipata somo linalofanana na hilo. Ubingwa wa 2014 chini ya Kevin Ollie ulifuatwa na kushuka kulikoishia kwenye misimu miwili ya vipigo vingi kuliko ushindi, 16 kwa 17 na 14 kwa 18. Dan Hurley aliyemrithi mwaka 2018 alianza naye kwa 16 kwa 17. Wakati huo chuo kilikuwa kimetupwa nje ya ligi yake ya asili, Big East, na mashabiki waliozoea kuiona Syracuse au Georgetown ikija walikuwa wakiitazama Tulane na Tulsa, jambo ambalo kwa maoni yangu liliumiza subira yao kuliko vipigo vyenyewe, maana kufungwa na mtani kuna ladha yake na kufungwa na mgeni hakuna. Januari 2020, baada ya kupoteza kwa Villanova, Hurley aliwaambia waandishi kwamba anayetaka kuifunga UConn aifunge sasa, kwa sababu kuna kitu kinakuja. Wengi walilichukulia kuwa neno la mtu aliyeudhika. Mwaka huohuo chuo kilirudi Big East, na walioandikishwa msimu huo walikuwemo Adama Sanogo wa Mali na Andre Jackson. Miaka mitatu baadaye wote wawili walikuwa nguzo za timu bingwa.

Dhana: Basi anayesubiri hupata daima

Hapa ndipo mashabiki wema wanapojidanganya. Hadithi ya Duke inasimuliwa kwa sababu iliishia kwenye mataji. Makocha waliopewa miaka mitatu wakashindwa hawasimuliwi, na wingi wao haumfichi anayefuatilia mchezo huu. Louisville ilimkabidhi timu Kenny Payne mwaka 2022. Alikuwa mtoto wa nyumbani, aliyekuwa kijana wa mwaka wa kwanza katika kikosi kile kilichoifunga Duke mwaka 1986, na mapenzi ya watu kwake yalikuwa makubwa. Mechi zake tatu za kwanza, zote za nyumbani, zilipotea kwa pointi moja moja: 67 kwa 66 dhidi ya Bellarmine, 73 kwa 72 dhidi ya Wright State na 61 kwa 60 dhidi ya Appalachian State. Shabiki mwenye matumaini angesema timu iko karibu sana, bado kidogo tu. Msimu ulimalizika kwa ushindi 4 na vipigo 28, wa pili kwa 8 na 24, na hapo ndipo Payne alipofungashiwa virago.

Kwa hiyo kupoteza kwa tofauti ndogo si dalili inayotosha, kama ambavyo kupoteza kwa pointi 43 hakukuwa hukumu kwa Duke. Kinachofaa kutazamwa ni mambo yanayobadilika polepole: kama ulinzi wa Februari ni bora kuliko ule wa Novemba, kama vijana wanaopewa dakika nyingi ndio watakaokuwepo mwakani, na kama makosa ya mwezi huu ni yaleyale ya mwezi uliopita. Indiana ya Tom Crean, aliyeikuta timu ikiwa na wachezaji wachache mno baada ya kashfa ya ukiukaji wa kanuni, ilipata ushindi 28 tu dhidi ya vipigo 66 katika misimu mitatu, lakini hesabu ilipanda kila mwaka, 6, kisha 10, kisha 12, kabla ya kuruka hadi 27 katika msimu wa nne. Mashabiki wa pale waliendelea kuja kwa maelfu na hawakuacha kulalamika, na hayo mawili hayapingani.

Dhana: Kocha hubaki kwa sababu watu bado wana imani naye

Mara nyingi hubaki kwa sababu ya fidia. Mikataba ya makocha wakubwa hulazimisha chuo kulipa sehemu kubwa ya miaka iliyobaki kikimfukuza kabla ya muda, na kuna nyakati ambapo kinachoitwa subira ya uongozi ni hesabu ya mhasibu tu. UConn ilijaribu kuliepuka hilo kwa kumwachisha Ollie kwa madai ya kukiuka kanuni, na mwaka 2022 msuluhishi aliamuru alipwe zaidi ya dola milioni 11.

Dhana: Uhuru wa kuhama umeondoa haja ya kusubiri

Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza papo hapo, bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani, na tangu Julai mwaka huohuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Kasi ya mabadiliko imeongezeka kweli. Louisville hiyohiyo, chini ya Pat Kelsey, ilitoka ushindi 8 hadi 27 katika mwaka mmoja, na Michigan chini ya Dusty May nayo ilitoka 8 hadi 27 msimu huohuo wa 2024–25. Shabiki anayedai matokeo ya haraka leo ana mifano ambayo wa mwaka 1983 hakuwa nayo.

Lakini itazame UConn iliyotwaa ubingwa wa 2023. Sanogo na Jackson walikuwa mwaka wa tatu chuoni hapo, Jordan Hawkins wa pili, Alex Karaban wa kwanza, na Tristen Newton alikuwa ametoka East Carolina. Wahamiaji walijaza mapengo ya nyumba ambayo tayari ilikuwa na kuta. Timu hiyo ilianza kwa ushindi 14 mfululizo, kisha ikapoteza mechi 6 kati ya 8 hadi ikasemwa kwamba imefika mwisho wake. Machi na Aprili ilishinda mechi zote sita za mashindano ya taifa, kila moja kwa tofauti isiyopungua pointi 13.

Dhana: Ujenzi una siku ya kukamilika

UConn ilitetea taji lake mwaka 2024 kwa kuifunga Purdue 75 kwa 60, na wachezaji wanne kati ya watano walioanza mechi hiyo wakachaguliwa na timu za NBA kabla ya mwezi Juni kwisha. Aliyebaki ni Karaban. Novemba ya mwaka huo, mashindanoni Maui, timu ilipoteza mechi tatu ndani ya siku tatu: kwa Memphis katika muda wa nyongeza, kwa Colorado kwa pointi moja, na kwa Dayton kwa 18. Ilimaliza msimu kwa ushindi 24 na vipigo 11, ikatolewa raundi ya pili na Florida, 77 kwa 75, na Florida ndiyo iliyokwenda kutwaa ubingwa.