Wimbo Usio na Msikilizaji Utapendekezwa na Nani?

Mtu akiniambia kwamba programu yake ya muziki "inajua ladha yangu", humuuliza: imeijuaje? Kazi yangu ni mifumo ya kupendekeza nyimbo, na ukiondoa mapambo yote, njia za msingi ni mbili. Ama unamweka mjuzi ausikilize wimbo na kuueleza, ama unawaacha wasikilizaji wasikilize wapendavyo, kisha unahesabu nani kasikiliza nini. Mara nyingi njia hizi hufanana. Huachana pale wimbo mgeni unapobisha hodi.

Kwa upande wa wajuzi, mfano mkubwa ni Pandora ya Marekani. Mwaka 2000 Tim Westergren, Will Glaser na Jon Kraft walianzisha kampuni ya kuchambua nyimbo kana kwamba kila wimbo una vinasaba vyake; redio yenyewe ya mtandaoni ilifunguliwa mwaka 2005. Mchambuzi, mtu aliyesomea muziki, hukaa na wimbo mmoja kwa dakika 20 au hata 30. Sauti ni nyororo au ina mkwaruzo? Mwimbaji anazivuta silabi au anazikata? Gitaa ni la umeme au la mbao? Kibwagizo kinarudi mara ngapi? Kwa baadhi ya aina za muziki maswali hufika hadi 450. Kila jibu ni alama, na mwisho wimbo unakuwa safu ndefu ya namba. Nyimbo mbili zenye safu zinazokaribiana huchezwa kwa kufuatana, na hapo jina la mwimbaji halina uzito wowote.

Nimewahi kufanya uchambuzi wa namna hiyo, na ni kazi ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani. Siku moja mimi na mwenzangu tulikwama kwenye mstari mmoja wa beti ya pili. Yeye alimpa mwimbaji alama ya juu ya mkwaruzo; mimi nilimpa ya chini, kwa kuwa kwa sikio langu ile ilikuwa pumzi tu, mama wa watu anaimba huku kifua kimemwishia hewa. Tuliurudia mstari ule hadi tukaanza kuusikia vingine kabisa. Ndiyo maana Pandora huwa na utaratibu wa kuwapa wachambuzi zaidi ya mmoja takriban wimbo mmoja katika kila kumi, ili masikio yao yalingane.

Lakini tatizo la ndani zaidi ni fomu yenyewe ya maswali. Isichouliza, haikisikii. Nyimbo mbili za harusi zinaweza kutofautiana mdundo, ala na sauti, na bado kila anayeolewa akataka zote mbili. Sababu hiyo haimo ndani ya wimbo. Imo katika maisha ya watu, na mchambuzi mwenye hedifoni hana pa kuiandika.

Wasikilizaji wanayo. Tangu mwaka 1994 kulikuwa na mfumo wa Ringo kutoka MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ambao watu waliutumia kwa barua pepe: unawapa wanamuziki alama, nao unakutafutia watu wenye alama kama zako na kukupendekezea wanachokipenda. Mwaka 2002 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Richard Jones, alianza Audioscrobbler, programu iliyonukuu kila wimbo uliochezwa kwenye kompyuta yako. Iliungana na Last.fm, huduma ya muziki ya mtandaoni ya London, na mwaka 2007 CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, ikainunua Last.fm kwa dola milioni 280. Jambo lililonivutia pale ni kwamba msikilizaji hakuulizwa chochote. Mtu akiulizwa hutaja nyimbo za kumpa heshima. Akiachwa peke yake usiku wa manane, orodha husema kweli.

Tatizo ni kuhesabu. Hebu tuchukue namba za kubuni. Tuna wasikilizaji 10,000. Wewe unapenda wimbo A, na waliousikiliza ni 200. Kati ya hao 200, 120 wamesikiliza pia wimbo maarufu M, na 30 wamesikiliza wimbo D. Ukihesabu vichwa, M unashinda mbali. Lakini M umesikilizwa na watu 5,000, nusu ya wote, kwa hiyo asilimia 60 ya wapenzi wa A si ajabu. D umesikilizwa na watu 100 tu, yaani asilimia 1 ya wote, ilhali kwa wapenzi wa A ni asilimia 15: mara 15 zaidi ya kawaida. Pendekezo lenye maana ni D.

Sasa ongeza wimbo E, wenye msikilizaji mmoja tu, ambaye kwa bahati alisikiliza na A. Hesabu ileile inampa E mara 50! Mtu mmoja aliyebonyeza kwa kukosea anamshinda D. Kwa hiyo tunaweka kizingiti: wimbo usiofikisha idadi fulani ya wasikilizaji hauhesabiwi. Na kwa kizingiti hicho tumewafungia mlango wanamuziki wote wanaoanza leo. Wimbo haupendekezwi kwa kuwa haujasikilizwa, na hausikilizwi kwa kuwa haupendekezwi. Hili ndilo linalonikera kuliko yote katika fani hii, kwa sababu kosa halimo kwa mtu yeyote. Kila hatua ina sababu yake nzuri.

Tena mambo huzidi kuharibika umati unapoziona hesabu zake wenyewe. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio katika jarida la Science. Watu 14,341 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi walichagua bila kujua wenzao wamepakua nini. Wengine waligawanywa katika kumbi nane zisizoonana, kila ukumbi ukiona hesabu zake tu. Palipokuwa na hesabu, nyimbo chache ziliwazoa watu zaidi kuliko pasipokuwa nazo, na washindi wa ukumbi mmoja hawakuwa wa mwingine. Wimbo mmoja ulikuwa wa kwanza huku na wa 40 kule. Nyimbo bora sana ni nadra kuangukia mkiani, na mbovu sana ni nadra kupanda kileleni, lakini zilizo katikati zilikwenda na upepo. Chema chajiuza, walisema wahenga. Katika jaribio lile, kilichojiuza mara nyingi ni kilichowahi kupata wanunuzi wa kwanza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: wimbo mpya ushughulikiwe kwanza na anayeusikiliza, na umati uje baadaye. Siku hizi sehemu ya usikilizaji huo hufanywa na kompyuta, inayopima kasi, ufunguo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake) na nguvu ya sauti. Kampuni ya Echo Nest ilijenga jina kwa kazi hiyo, na Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, ikainunua mwaka 2014. Ni msaada mkubwa kwa wingi wa nyimbo zinazoingia, ingawa mimi bado ningemlipa mtu wa kukaa dakika 20 na ule mstari wa pumzi.

Ukitaka kujua huduma yako inaegemea wapi, fungua akaunti mpya kabisa, isiyoshirikiwa na mtoto wala mwenza, maana nyimbo za katuni zikiingia humo zitaivuruga. Cheza wimbo mmoja tu wa mwimbaji asiye na jina, kisha uache mfumo uendelee wenyewe. Zikifuata nyimbo zinazofanana nao kwa sauti na ala, hata za watu usiowajua, kuna aliyeusikiliza. Zikifuata zilezile zinazochezwa kila mahali, wimbo wako haujafikisha kizingiti.