Finasteridi Haili Misuli

Juzi alisimama dirishani pangu pa duka la dawa kijana wa tatu katika mwezi huu mmoja, akakunja mkono wa shati hadi begani na kunitaka nishuhudie jinsi mkono ulivyosinyaa tangu aanze kumeza finasteridi, vidonge vya kuzuia upara. Mwalimu wake wa mazoezi alikuwa amemhakikishia kwamba dawa hiyo inakula misuli. Nimelisikia neno hili mara nyingi mno, na kila mara linamfanya mtu aache dawa au, vibaya zaidi, aongeze sindano asizozijua.

Hoja ya wanaosema hivyo ni kwamba DHT, homoni inayotokana na testosteroni, ina nguvu kuliko testosteroni yenyewe, ambayo ndiyo homoni kuu ya kiume; finasteridi hupunguza DHT, basi misuli itanyauka. Sehemu mbili za kwanza ni kweli: miligramu 1 kwa siku hushusha DHT ya damuni kwa takriban theluthi mbili. Kosa limo katika hiyo "basi". Homoni haipimwi kwa nguvu zake peke yake, bali pia kwa mahali inapotengenezwa na muda inaodumu hapo. Ngozi ya kichwa na tezi dume zina kimeng'enya kingi cha kugeuza testosteroni kuwa DHT palepale, nacho ndicho finasteridi inachokizuia. Msuli wa mkono una kidogo sana, na hata DHT inayoletwa na damu hukuta humo kimeng'enya kingine kinachoivunja kabla haijafanya kazi ya maana. Msuli hujengwa na testosteroni yenyewe, ambayo kwa mtumiaji wa finasteridi haishuki, bali hupanda kidogo.

Wapo wanaume wa Las Salinas, katika Jamhuri ya Dominika, waliozaliwa bila kimeng'enya hicho cha kutengeneza DHT na ambao habari zao zilichapishwa mwaka 1974. Walipobalehe sauti zilinenepa na misuli ikajaa kama ya wenzao, ilhali tezi dume ilibaki ndogo na upara haukuwajia. Kisha mwaka 2012 yakatoka Marekani matokeo ya jaribio ambamo wanaume walidungwa testosteroni kwa wiki 20, kuanzia miligramu 50 hadi 600 kwa wiki, baadhi yao wakimeza pia dutasteridi, dawa inayozuia DHT zaidi kuliko finasteridi. Misuli na nguvu viliongezeka kwa kiwango kilekile katika makundi yote mawili.

Minoksidili ya kupaka, dawa nyingine ya upara, haigusi homoni hizi, kwa hiyo siirefushii maneno. Anayejidunga nandroloni, homoni ya kutengenezwa ya kujaza misuli, na kumeza finasteridi ili aokoe nywele, huyo anajidhuru: nandroloni hudhoofishwa kichwani na kimeng'enya kilekile anachokizuia, hivyo nywele hushambuliwa zaidi.

Hata hivyo, jaribio la wiki 20 kwa watu wenye afya halitoshi kumjibu mtu anayemeza dawa hii miaka kumi. Tena wapo wachache wanaopungukiwa hamu ya tendo la ndoa au kuingiwa na huzuni nzito, na mwenye huzuni hulala vibaya, hula ovyo, na huacha kunyanyua vyuma. Mkono wake utasinyaa kweli, ingawa njia siyo ile aliyoambiwa. Ndiyo maana yule kijana sikumpima mkono. Nilimuuliza usingizi wake ukoje, na alipokaa kimya muda mrefu nilimwomba asimamishe vidonge na amwone daktari wiki hiyohiyo.