Kusoma Habari za Wadudu: Mwanafunzi Anapata Nini, na Tunakosea Wapi

Tangu kampeni ya usomaji ianze kupeleka shuleni vitabu vya maisha ya wadudu, dawati letu la maswali linapokea barua za aina mbili. Wazazi wanalalamika kwamba mtoto anapoteza muda kwa mende na mchwa huku mtihani unakaribia. Walimu nao wanatuma bahasha zenye vipande vya wadudu, wakitaka kujua ni wa aina gani. Makala haya yanawajibu wote. Habari za miguu sita na sehemu tatu za mwili hatutazirudia. Zimo katika kila kitabu. Itoshe kusema kwamba buibui, kupe, tandu na jongoo hawamo katika kundi hilo, na tungeshukuru tusipoulizwa tena.

Tuanze na wazazi. Mtoto anayekariri majina ya mbawakawa hapati kikubwa, hapo tunakubaliana. Faida iko kwenye maelezo ya namna jambo lilivyogunduliwa. Majaribio mengi mashuhuri kuhusu wadudu yalifanywa kwa vifaa vya nyumbani, hivyo mwanafunzi wa miaka kumi na miwili anaweza kufuata kila hatua na kuuliza: huyu mtu amejuaje?

Chukua viwavi wa misonobari, wale wanaotembea mmoja nyuma ya mwingine wakifuata uzi wa hariri. Mwaka 1896 Mfaransa Jean-Henri Fabre aliwaacha wapande ukingo wa chungu kikubwa cha mimea. Mzunguko ulipotimia, akafuta nyuzi zote zilizounganisha ukingo na ardhi. Duara likawa halina mwanzo wala mwisho, na viwavi wakazunguka siku saba. Habari hii inapendwa sana na wahamasishaji majukwaani, na karibu kila mara wanaimaliza kwa viwavi wote kufa njaa. Hawakufa. Siku ya nane walianza kushuka wakarudi kwenye kiota, na Fabre mwenyewe aliliandika hilo. Aliandika pia jinsi ilivyowezekana: baridi na uchovu viliuvunja msafara, wachache wakapotea njia, na nyuzi walizotandika pembeni wakati wa kupotea ndizo zilizokuja kuwa njia ya kutokea. Anayesoma maelezo yote anaelewa kitu kuhusu viwavi. Aliyesimuliwa tu anabaki na funzo ambalo halikutokea. Habari ya mdudu ikiwa na funzo tamu kupita kiasi, mwanafunzi azoee kutafuta ukurasa wa mwisho.

Mfano wa pili ni nyuki. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na ubishi kama nyuki wanaona rangi. Mwanasayansi wa Austria Karl von Frisch aliwazoesha kunywa maji ya sukari juu ya kadi ya buluu, kisha akaondoa sukari na kuweka kadi mpya. Nyuki wakaja kwenye buluu. Wengi wangeishia hapo na kutangaza ushindi. Lakini mnyama asiyeona rangi kabisa naye angeweza kuitambua kadi ile kwa mwanga wake, kama picha ya zamani isiyo na rangi inavyotofautisha shati jeusi na jeupe. Kwa hiyo von Frisch aliipanga kadi ya buluu katikati ya kadi za kijivu, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, akiamini kwamba moja wapo lazima ilingane nayo kwa mwanga. Akabadilisha nafasi zake ili nyuki wasikariri mahali, na akazifunika kwa kioo ili harufu isiwasaidie. Bado walikwenda kwenye buluu. Alipowazoesha nyekundu, waliichanganya na nyeusi na kijivu kilichoiva. Matokeo yakachapishwa mwaka 1914. Mwanafunzi aliyeelewa kazi ya zile kadi za kijivu ameelewa jaribio la ulinganifu, yaani lile linalowekwa kando ili kuondoa maelezo mengine ya matokeo, mada ambayo kwenye mtihani wa sayansi huwashinda wengi waliokariri maana yake neno kwa neno. Wazazi wanaoulizia mtihani wamejibiwa.

Sasa namna ya kusoma. Daftari ligawanywe safu mbili: kilichoonekana, na kilichodhaniwa. Tuseme kitabu kinasema: "Sisimizi walimgusa mwenzao aliyekufa kwa vipapasio, wakambeba hadi nje wakiomboleza." Kugusa na kubeba vinaingia safu ya kwanza. Kuomboleza kunaingia ya pili, na mwanafunzi aandike mbele yake swali moja: tungelipimaje? Kwa upande wa kubeba maiti, lilishapimwa. Mwaka 1958 mwanasayansi Mmarekani Edward O. Wilson na wenzake waligundua kwamba asidi ya oleiki, inayojitokeza mwili unapooza, ndiyo inayowaita wabebaji. Walimpaka sisimizi aliye hai na mzima. Wenzake wakambeba akirusharusha miguu na kumtupa jalalani. Akirudi wanamtoa tena, mpaka ajisafishe. Kurasa mbili kwa siku zinatosha kwa zoezi hili. Mtoto anayemaliza sura nzima kwa jioni moja mara nyingi safu yake ya pili huwa tupu, ishara kwamba amesoma kama hadithi.

Kusoma kuambatane na kuangalia. Kiwavi mmoja anatosha. Chupa ya mdomo mpana ya lita moja, kitambaa cha chachi juu yake kilichofungwa kwa mpira, na majani ya mmea ule ule alikokutwa. Majani mengine mara nyingi hatakula. Atakufa njaa juu ya chakula, na tutaandikiwa kwamba alikuwa mgonjwa. Kijiti cha majani kiwekwe ndani ya kichupa cha maji kilichozibwa mdomo kwa pamba, la sivyo kiwavi atatumbukia. Kinyesi kiondolewe kila siku. Kuta za chupa zikitoa jasho, unyevu umezidi na kuvu inakuja. Chupa isikae juani. Viwavi wenye manyoya wasiguswe kwa mkono mtupu, maana manyoya ya baadhi yao huwasha vibaya.

Kisha lipo tukio linaloleta barua nyingi kuliko yote: asubuhi kiwavi anakutwa amelegea, amezungukwa na vidonge vidogo vyeupe au vya manjano, na mtoto anaambiwa kiwavi ametaga. Kiwavi hatagi, ni mtoto, hana uwezo huo. Vile ni vifukofuko vya nyigu wadogo. Mama yao alichoma mayai ndani ya kiwavi, lava (watoto wa nyigu waliototolewa) wakamla kutoka ndani, wakatoboa ngozi na kusokota hariri nje. Msivitupe. Vihamishieni chupa nyingine yenye chachi nyembamba zaidi, andikeni tarehe, ngojeni. Mwanafunzi atakayeona nyigu wakitoka pale alipotarajia kipepeo hatahitaji kuelezwa kwa nini tunasisitiza safu mbili.

Kuhusu vielelezo mnavyotuma, utaratibu ni huu na haubadiliki. Wadudu wagumu wakavu wafungwe kwa karatasi laini ndani ya kisanduku cha kiberiti. Pamba hapana, kwa sababu kucha za miguu hunasa kwenye nyuzi na miguu hukatika. Gundi ya karatasi hapana. Mfuko wa plastiki hapana. Mdudu mbichi huoza humo kabla ya kufika. Lava na wadudu laini wawekwe kwenye ethanoli (aina ya spiriti) ya asilimia 70 hadi 80, na watu wazima ndio waishike, mbali na moto. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya kichupa pamoja na mdudu, kwani wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli na kutuachia karatasi nyeupe. Lebo iwe na mahali, tarehe, jina la mkusanyaji na mmea alikokutwa. Kielelezo kisicho na mahali na tarehe hatukisajili, hata kiwe kizuri namna gani. Mara nyingi picha tatu zinatosha bila kuua mdudu: kutoka juu, ubavuni na usoni, rula ikiwa kando yake.

Mwisho ni sheria. Katika nchi nyingi, kukusanya wadudu ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na mara nyingi hata aliyeokotwa amekufa njiani anahesabika. Kibali kiombwe kabla ya safari na kiwe na jina la msimamizi. Walimu wanaonunua vipepeo vya fremu mtandaoni wawe waangalifu zaidi: kipepeo mkubwa Ornithoptera alexandrae wa Papua New Guinea yumo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku. Jamaa zake wengi wamo Kiambatisho cha II na hawavuki mpaka bila kibali cha nchi watokayo. Adhabu hutofautiana baina ya nchi, kuanzia kutaifishwa kwa mzigo na faini hadi kifungo, na anayeandikwa kama mpokeaji ndiye anayeulizwa kwanza. Muuzaji akisema kibali hakihitajiki, aombwe aandike hivyo kwa maandishi pamoja na jina la kisayansi la kipepeo. Asipoandika, msinunue.